Nongo

Bi harusi ameketi juu ya mkeka, kanga imefungwa chini ya makwapa, mgongo uko wazi. Somo wake anachota singo katika bakuli, anailainisha kwa marashi ya mawaridi mpaka iwe uji mzito, anaipaka begani na kuanza kusugua kwa kiganja. Mwanzo hakionekani kitu. Singo inakauka na kupukutika kama unga. Somo anazidi kusugua, polepole, kuelekea kiunoni. Ndipo zinapotokea: nyuzi fupi za kijivu, nyembamba kuliko tambi, zinajiviringa chini ya kiganja na kuangukia mkekani. Anazikung'uta, anapapasa mahali palepale kwa ncha za vidole. Zikiendelea kutoka, anaendelea. Mkono ukianza kuteleza, anahamia pengine.

Hiyo ndiyo nongo. Wengi huihesabu kuwa uchafu tu, taka za mwili zilizoganda juu ya ngozi, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwani ndani yake mna vumbi, jasho na mafuta. Lakini humo mna pia ngozi yenyewe: magamba ya juu kabisa ya lile tabaka la nje ambalo ndilo hasa linaloamua kipi kiingie mwilini na kipi kibaki nje. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamelishughulikia tabaka hilo kizazi baada ya kizazi. Wamelisugua, wamelitia rangi, wamelipaka mafuta, wamelifukiza udi. Desturi hizo zilikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilikaa mikononi mwa masomo na makungwi. Madhara makubwa yalikuja katika karne ya 20, pale madukani zilipoanza kuuzwa bidhaa ambazo haziwezi kufanya kazi yake bila kulipenya tabaka lenyewe.

Ukitaka kuelewa tofauti hiyo, huna budi kwanza kuutazama ukuta.

Tabaka la nje la ngozi limejengwa kwa keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha, nywele, kwato na pembe za wanyama. Ni jembamba ajabu. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni mikromita 10 hadi 20, hata karatasi ya daftari ni nene mara kadhaa kulishinda. Ndani ya wembamba huo zimelaliana seli bapa, safu kama 15 au 20. Seli hizo huzaliwa chini zikiwa nono na hai, husukumwa juu na wenzao wanaozaliwa nyuma yao, njiani hupoteza kiini, hukauka na kujaa keratini. Zikifika juu zimekwisha kufa. Safari nzima, tangu kuzaliwa hadi kubanduka, huchukua karibu mwezi mmoja. Kila saa mtu huangusha maelfu ya seli hizi bila kujua, kitandani, njiani, kwenye kola ya shati, na sehemu ya vumbi linalofagiwa chumbani kila asubuhi ndiyo hizo.

Seli hizo zilizokufa peke yake zisingezuia kitu. Siri iko katikati yake, mahali palipojazwa mafuta ya aina tatu: keramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Daktari Peter Elias wa San Francisco, Marekani, ambaye tangu miaka ya 1970 ameitumia kazi yake kulichunguza tabaka hili, alilifananisha na ukuta wa matofali: seli ni tofali, mafuta ni udongo unaoshikanisha. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe ana mfano wa karibu zaidi. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na fundi yeyote atakwambia kwamba nyumba huanza kuharibika pale chokaa kinapolegea, hata mawe yawe mazima.

Kwa kuwa chokaa cha ngozi ni mafuta, maji na vitu vinavyoyeyuka ndani ya maji hupata taabu kupita. Vitu vidogo vinavyoyeyuka kwenye mafuta hupata kinjia. Ukubwa nao una neno lake. Mwaka 2000 madaktari wawili wa Uholanzi, Jan Bos na Marcus Meinardi, waliandika kanuni ambayo watengenezaji wa dawa huitaja hadi leo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 haipiti kirahisi katika ngozi iliyo nzima. Insulini ina uzito wa karibu daltoni 5,800. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anadungwa sindano, hapakwi marhamu.

Wanasayansi walichelewa kulipa tabaka hili heshima yake. Kwa muda mrefu lilihesabiwa takataka tu, mabaki yanayosubiri kuanguka. Katika miaka ya 1950 Irvin Blank, mtafiti wa Boston, alifanya jambo ambalo mtoto wa shule angeweza kulifanya: alibandika utepe wa gundi juu ya ngozi na kuubandua, tena na tena, kila mara ukitoka na seli chache. Mwanzoni maji yaliyokuwa yakivukia nje kutoka mwilini yalibaki kidogo vilevile. Alipozifikia safu za chini, maji yakaanza kutoka kwa wingi. Ukuta ulikuwa palepale, kwenye kile kilichoitwa takataka. Blank alionyesha jambo jingine pia. Kipande cha tabaka hilo kilichokauka hakikulainika kwa kulowekwa kwenye mafuta. Kililainika kilipopewa maji. Mafuta kazi yake ni kuyazuia maji hayo yasitoroke. Mama wa pwani anayempaka mtoto mafuta ya nazi mara tu anapotoka kuoga, mwili ukingali na unyevu, anafanya hivyohivyo bila ya utepe wala maabara.

Maji, basi, ndiyo mwanzo wa habari yote hii, na pwani hii ina historia ndefu ya kuoga. Kilwa Kisiwani, kwenye jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, bado lipo birika la kuogea lenye pembe nane, limechongwa ukingoni mwa jabali juu ya bahari. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani huyohuyo. Kabla ya hapo alikuwa amepita Mogadishu, na huko alipokewa kwa tambuu, popoo na marashi ya mawaridi kutoka Damascus, akamiminiwa yeye na kadhi. Msafiri aliyetoka melini ana chumvi mwilini, na mwenyeji alijua kuanza na ngozi ya mgeni wake.

Karne tano baadaye, mwaka 1850, Sultani Sayyid Said alimjengea mke wake wa Kiajemi hamamu huko Kidichi, kwenye vilima vya mashamba ya mikarafuu nje ya mji wa Unguja. Mafundi walizipamba kuta kwa nakshi za ndege na maua kwa mtindo wa Kiajemi. Jengo bado limesimama. Ndani kuna mahali pa kukalia, mabirika, vijidirisha juu ya kuba vinavyoingiza mwanga, na yale maua ya chokaa ambayo mvuke wa miaka mingi umeyafuta nusu.

Hamamu ya Kidichi ilikuwa ya mtu mmoja na wageni wake. Mwana wa Sayyid Said, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeliingiza jambo hilo mjini. Ni sultani huyu aliyeleta maji ya mfereji kutoka chemchemi ya Chemchem hadi majumbani, na ni yeye aliyejenga hamamu ya watu wote katikati ya Mji Mkongwe, kazi iliyosimamiwa na Haji Gulamhussein. Mtaa ukachukua jina, Hamamni, na jina halijatoka. Mteja alivua nguo, akaingia kwenye joto, akakaa mpaka jasho likamtiririka, akasuguliwa, akamwagiwa maji, akapita kwenye maji baridi. Palikuwa na mahali pa kunyolea pia. Hamamu ilifanya kazi hadi mwaka 1920.

Joto na mvuke vinalifanya nini tabaka la nje? Vinalilowesha. Seli kavu hunywa maji na kuvimba, viungio vyake hulegea, zile za juu zilizo tayari kuondoka huachia. Ndiyo sababu dodoki likipitishwa juu ya ngozi kavu linakwaruza bure, na likipitishwa juu ya ngozi iliyokaa mvukeni linatoka na nongo. Ukuta ukilowa, hata hivyo, huwa mwepesi kupitisha vitu, na kinachopakwa wakati huo huingia zaidi kuliko kinachopakwa juu ya ngozi kavu. Katika desturi ya zamani kilichofuata baada ya joto kilikuwa maji safi na mafuta ya nazi au ya simsim. Jambo hilo dogo, la nini kinafuata, lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana.

Singo yenyewe haina kanuni moja. Ya Pemba si ya Mombasa, na kila nyumba hudai ya kwao ndiyo yenyewe. Mara nyingi mna liwa, karafuu, manjano, mawaridi, asumini na langilangi, vikakaushwa, vikatwangwa, vikapepetwa, vikahifadhiwa mpaka siku ya kazi. Orodha hiyo peke yake ni kitabu cha historia ya biashara. Mawaridi na marashi yake ni habari za Uajemi na Arabuni. Mlangilangi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Mkarafuu ulipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hiyo singo inayonukia karafuu mbichi za shambani, ile inayoaminiwa kuwa ya kale kabisa, haina umri wa kushinda mashamba hayo ambayo watumwa waliyapalilia na kuyachuma. Asiyelisema hilo anaiacha nusu ya historia ya harufu hiyo nje ya bakuli.

Liwa ni ya zamani zaidi na husagwa kwa namna yake. Kuna jiwe liitwalo msio, jiwe la tumbawe lenye mikwaruzo. Mwanamke hudondoshea maji au marashi kidogo, hushika kipande cha mti wa liwa na kukizungusha juu yake, mviringo baada ya mviringo, mpaka utoke urojo wa manjano hafifu. Huo ndio unaopakwa usoni na kuachwa ukauke. Ngazija huuita msindzano. Madagaska wana masonjoany. Kwenye Kisiwa cha Msumbiji na pwani ya kaskazini ya nchi hiyo wanawake hupaka mussiro, unaotoka kwenye mti mwingine kabisa. Ukanda mzima huu wa bahari umekubaliana juu ya jambo moja, jiwe na mti. Chembe za mti uliosagwa ni kubwa mno kupita katikati ya seli za ngozi. Hukaa juu, hupoza, hukinga jua, hunukia. Ukinawa, zimekwenda.

Kwa hina hali ni nyingine, na pengine hakuna kitu kinachouonyesha ukuta wa ngozi wazi kama hina. Majani ya mhina yana rangi iitwayo losoni. Hina ikipondwa, ikachanganywa na ndimu au chai, ikapakwa na kuachwa usiku kucha, losoni huingia ndani ya seli zilizokufa na kushikamana na keratini. Asubuhi ikibanduliwa, rangi ni ya chungwa. Kesho yake imekolea kuwa kahawia nyekundu, na hapo ndipo wanawake huanza kuulizana ya nani imeshika. Hushika zaidi kwenye viganja na nyayo kwa sababu huko tabaka la nje ni nene kuliko kwingine kokote mwilini. Kisha, wiki mbili au tatu, hufifia. Rangi haikuchujuka kwa maji. Seli zilizoibeba ndizo zilizoondoka, moja moja, kama nongo. Kila bibi harusi aliyewahi kutazama maua ya mkononi yakipotea ametazama ngozi yake ikijijenga upya.

Lakini hata hina si ya kila mtu. Madaktari, wakiwemo wa nchi za Ghuba, wameeleza habari za watoto wachanga waliopakwa hina mwilini wakapata manjano na kuvunjikavunjika kwa damu. Ni wale waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kasoro ya kurithi iliyoenea sana katika nchi ambazo malaria imekaa muda mrefu, pwani yetu ikiwemo. Kiasi kidogo cha losoni hupenya, na kwa mtoto mchanga, ambaye ngozi yake ni nyororo na eneo lake ni kubwa ukililinganisha na uzito wa mwili, kidogo hicho chaweza kuwa kingi. Kumtia mtoto hina kidogo kwenye ukucha si sawa na kumpaka mwili mzima.

Halafu ikaja piko. Wanja mweusi wa kuchorea maua ya bi harusi, ule unaokauka kwa muda mfupi na kuonekana kama wino, hutengenezwa kwa rangi ya kutilia nywele weusi. Ndani yake mna parafenilenediamini, kemikali iliyoanza kutumika Ulaya kutia nywele rangi mwishoni mwa karne ya 19. Uzito wa molekuli yake ni daltoni 108. Haikai kwenye keratini ikasubiri kuondoka. Hupita, hukutana na seli za kinga chini, na kwa baadhi ya watu seli hizo huiweka kumbukumbuni kama adui. Ua la kwanza halileti shida. La pili au la tatu huinuka malengelenge yakiufuata mstari wa kalamu, jani kwa jani, na mtu huyo pengine hataweza tena kutia rangi nywele zake maisha yote. Wachoraji wengi wa hina Unguja na Mombasa wanalijua hili vizuri. Wapo wanaokataa kuichora piko peke yake hata wakilipwa mara mbili.

Kuna kitu kimoja ambacho kimepita ngozi za watu kwa miaka zaidi ya elfu, na jina lake la Kiswahili lina asili ya Kiarabu: zebaki. Matabibu wa Kiarabu walichanganya zebaki na mafuta kupaka upele na chawa. Wazungu wakaichukua marhamu hiyo kwao, na kaswende ilipoenea Ulaya mwishoni mwa karne ya 15 wakaanza kuwasugulia wagonjwa mwilini, siku nyingi mfululizo, ndani ya vyumba vilivyopashwa moto. Wagonjwa walitokwa na mate kupita kiasi, fizi zikavimba, meno yakalegea. Matabibu waliyahesabu mate hayo kuwa ugonjwa unatoka. Yalikuwa zebaki inaingia. Mwaka 1895 daktari Josef Jadassohn alimbandika mgonjwa wake marhamu ya zebaki kwenye ngozi ili kuona kama ndiyo iliyomwasha, na kipimo hicho cha kubandika, kinachofanywa hospitalini hadi leo kutafuta mzio, kilianza na zebaki hiyohiyo.

Zebaki ina tabia nyingine. Huzuia utengenezaji wa melanini, rangi ya ngozi. Na hapa ndipo lilipo fundo la habari nzima. Seli zinazotengeneza melanini hazikai juu. Zimekaa chini kabisa ya ngozi ya nje, chini ya safu zote za seli zilizo hai, achilia mbali zile zilizokufa. Kwa hiyo sabuni au krimu yoyote inayobadilisha rangi ya mtu kikweli lazima iwe imepita ukuta. Liwa huufunika uso. Hina huutia rangi ukuta. Krimu ya kujichubua haina namna ya kufanya kazi yake kwa kukaa nje, na ikishafika chini haipo tena mbali na mishipa ya damu.

Nairobi ililiona hilo kabla ya miji mingi. Mwaka 1972 jarida la matabibu la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa figo, watu wazima, waliotibiwa jijini humo. Walikuja wamevimba nyuso na miguu, protini ikipotea kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Wengine walipoacha krimu, figo zilirudi kufanya kazi yake. Mtu asome habari hiyo polepole: mwanamke ananunua kikopo dukani, anapaka usoni mbele ya kioo, na kinachoharibika ni figo.

Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya iliipiga zebaki marufuku katika vipodozi vya watu wake. Viwanda vilivyokuwa humohumo Ulaya viliendelea kwa miaka mingi kutengeneza sabuni za zebaki za kuuza Afrika. Ni vigumu kuiandika sentensi hiyo bila hasira. Mwaka 2001 Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyeyatoa maisha yake kwa wahanga wa zebaki wa mji wa Minamata, yeye na wenzake walichapisha walichokiona kwa wavuvi na familia zao upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Nywele za baadhi yao zilikuwa na zebaki nyingi mno. Mtu angedhani ni samaki, kama ilivyokuwa Minamata, au ni machimbo ya dhahabu. Ilikuwa sabuni ya kuogea, iliyotoka Ulaya. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi 2017, na vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki vimo katika orodha ya bidhaa zinazopigwa marufuku.

Zebaki ilipoanza kuogopwa, haidrokwinoni ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi. Ni nyepesi, daltoni 110, na hupenya vizuri. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza madoa ya bluu iliyokaribia weusi kwenye mashavu ya wanawake walioitumia kwa muda mrefu, madoa ambayo hayakutoka hata krimu ilipoachwa. Dawa iliyonunuliwa kuondoa weusi iliuacha weusi wa kudumu. Baadaye zikaongezeka krimu kali za steroidi, dawa halali ya pumu ya ngozi inayotolewa kwa kipimo cha daktari, zikauzwa sokoni kama vipodozi. Steroidi ina ubaya wake wa peke yake, kwani hulipunguza unene tabaka lenyewe linalotakiwa kuizuia. Kila upakaji unaufungulia njia upakaji unaofuata.

Tanzania iliyaita yote hayo kwa neno moja lisilohitaji maelezo: mkorogo. Krimu mbili au tatu, losheni, pengine kidonge kilichosagwa, vinakorogwa pamoja kwenye beseni na kupimwa kwenye vikopo visivyo na maandishi. Aliyekoroga anajua alichotia, anayenunua hajui. Sheria zipo. Haidrokwinoni na zebaki zimekatazwa Tanzania kwa miaka mingi, na mwishoni mwa 2018 Rwanda ilianza msako wa duka kwa duka. Vikopo bado vinapita mipakani ndani ya mabegi ya nguo. Alama ya mtumiaji hujulikana mtaani: uso umetakata, vifundo vya vidole vimebaki vilevile. Ngozi ya vifundo, ya viwiko na ya magoti ni nene, dawa haifiki kirahisi. Watu huicheka alama hiyo. Haifai kuchekwa. Pale kwenye vifundo ndipo ukuta ulipofanikiwa kujitetea.

Hamamni siku hizi ni kavu. Mtalii hulipa kiingilio, akaonyeshwa mabirika matupu na sakafu ambayo chini yake yalipita maji ya moto, akapiga picha. Kwenye maduka ya Mji Mkongwe, si mbali na hapo, singo inauzwa kwenye makopo ya plastiki, na saluni za Dar es Salaam na Mombasa huifanya kwa saa, bi harusi akiwa na miadi kabla na baada. Makungwi wenye kuijua kazi hawajaisha. Aliye mzoefu haanzi na bakuli. Anamketisha msichana mlangoni penye mwanga, anamshika kidevu, anaugeuza uso wake huku na huku, anauvuta mkono na kutazama vifundo vya vidole.

"Mwanangu, umekuwa ukipaka nini?"

Msichana anaweza kukana. Somo hupaka singo kidogo tu, ndani ya mkono karibu na kiwiko, na kungoja. Kwenye ngozi iliyozoea mkorogo hazitoki nyuzi za kijivu; kabla kiganja hakijapita mara tatu mahali pale panakuwa pekundu na msichana anaurudisha mkono. Hapo bakuli la singo hufunikwa kwa kawa. Somo anachemsha maji, anayaacha yapoe yawe vuguvugu, anamwosha bila dodoki, anamkausha kwa kumgusagusa na kanga laini, na mwili ukingali na unyevu anampaka mafuta ya nazi. Anamwambia atarudi kesho afanye hivyohivyo, na kesho kutwa, na kile kikopo cha krimu ampe mama yake.